Grisi Kwenye Meno ya Kadi

Yule fundi nilimtilia shaka kabla hajakaa. Mkuu wa shule alimleta mwenyewe ofisini kwangu siku ya Jumatano, akasema huyu ndiye atakayetuokoa, nami nikautazama mkoba wake wa turubai nikajiuliza umeshatoka na vitu vya watu wangapi. Nilikuwa sekretari wa sekondari moja pale Mtwara mjini, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na kompyuta ya ofisi ilikuwa hiyo moja tu. Ilikuwa imegoma tangu Jumatatu. Ukiiwasha inanguruma vizuri, kisha inaandika kwa herufi nyeupe kwamba haioni diski.

Ndani ya diski hiyo kulikuwa na alama za miaka miwili za kidato cha nne chote, mazoezi na mitihani ya ndani, na zilitakiwa zipande basi la Dar es Salaam Jumamosi asubuhi kwenda baraza la mitihani. Mwanafunzi ambaye alama zake hazikufika, matokeo yake yangezuiwa. Karatasi za walimu nilizipeleka stoo baada ya kuziingiza, na mchwa wa stoo ile wakazimaliza. Disketi niliyonakilia iliota ukungu. Yaani diski isipofunguka watoto wa watu wamekwama, na wa kulaumiwa ni mimi peke yangu. 

Fundi alifungua ubavu wa kompyuta, akapuliza vumbi, akahamisha waya mara mbili tatu. Akasema diski ni nzima. Kilichokufa ni mlango wa diski kwenye ubao mkubwa wa ndani. Dawa yake ni kadi, kipande kidogo cha ubao chenye milango yake yenyewe. Unakichomeka kwenye sloti tupu, unaiunga diski hapo, unaielekeza kompyuta ikaitafute huko, basi.

"Unayo hiyo kadi?" nikamuuliza.

"Ninayo. Nimeitoa ng'ambo."

Ng'ambo ni Msumbiji. Watu wake walikuwa na asili ya huko, wakalima kando ya Ruvuma, na yeye alikuwa akivuka mto pale Kilambo na redio mbovu akirudi na vipuri. Kila r kwake ilikuwa l, na hilo nalo nililihesabu kuwa ushahidi. Sisi tulitoka Bukoba. Baba aliletwa Mtwara na kazi ya bandari. Katika nyumba zetu za watu wa kuja tulijiona ndio walinzi wa mali ya serikali, tukiilinda dhidi ya watu tuliowakuta palepale. Ndivyo tulivyolelewa, sitaficha.

Kilichonikaba zaidi ni kwamba mdogo wake wa kike alikuwa kidato cha nne shuleni kwetu. Sasa mtu mwenye ndugu yake kwenye orodha anataka nini na diski ya alama? Nikachukua rangi yangu ya kucha, nyekundu, nikatia doa kwenye diski mbele ya macho yake ili asije akaibadilisha. Alilitazama doa, akanitazama mimi, akaendelea kulegeza skrubu.

Kabla hajaichomeka kadi, umeme ukakatika. Tulisubiri hadi saa tisa alasiri, haukurudi. Akasema atakuja kesho asubuhi, akaiacha kadi mezani kwangu ndani ya mfuko wake wa plastiki.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Baba alikuwa na kopo la grisi kutoka bandarini, na kila Jumamosi alipaka kufuli, bawaba, mkasi na mnyororo wa baiskeli, maana hewa ya Mtwara ina chumvi na haikiachi chuma salama. Majirani wote walifanya hivyo. Taipureta yangu niliitunza kwa grisi hiyohiyo miaka sita bila kuona kutu. Basi nikaitoa kadi nikaikagua. Meno yake ya rangi ya dhahabu, yale yanayoingia kwenye sloti, yalikuwa yamefubaa kidogo. Mtumba, nikajiambia, anatubambikia mtumba. Lakini ndiyo kadi pekee tuliyokuwa nayo, na mkono ulishazoea. Nikachukua kitambaa cha taipureta, nikayapaka meno yale grisi pande zote mbili, taratibu kama baba, nikairudisha kwenye mfuko. Niliondoka nimeridhika na nafsi yangu.

Alhamisi umeme ulikuwepo. Fundi aliishika kadi kwa ncha za vidole, akaichomeka, akaifunga kwa skrubu, akaunga waya wa diski. Mimi niliweka kiti changu mlangoni na daftari mapajani, nikawa naandika kila kitufe anachobonyeza. Akawasha. Herufi nyeupe zikarudi palepale: haioni diski. Akahamishia kadi sloti ya pili. Haioni. Akaingia kwenye ukurasa wa bluu wa mipangilio, akapekua juu hadi chini, kadi yenyewe haikutajwa popote. Jasho lilimtoka, nami kila tone nililisoma kwa namna yangu.

"Haitaki halaka hii," akasema.

Saa tano nikaenda kumwita mkuu. Nikayasema yote mbele ya fundi mwenyewe, tena kwa sauti: kwamba kadi ni mbovu na anajua ni mbovu, kwamba imevushwa mto haijulikani ni ya nani, kwamba mdogo wake yumo kwenye orodha na huyu anataka tu aondoke na diski. Mkuu alimtazama fundi akasubiri ajitetee.

Fundi akazima kompyuta. Aliichomoa kadi, akaielekeza dirishani, akapitisha kidole gumba kwenye meno yake. Akakinusa kidole. Kisha macho yake yakatembea polepole juu ya meza hadi kwenye kitambaa kilicholala kando ya taipureta, cheusi kwa grisi. Niliona aibu hata masikio yakapata moto: grisi yangu ndiyo iliyoiziba kadi.

"Ni chumvi tu, mwalimu," akamwambia mkuu. "Chumvi ya huku kwetu. Nitasafisha."

Mkuu akarudi darasani. Fundi akanigeukia. "Una laba, dada?"

Nikampa ufutio wangu wa penseli. Aliyasugua meno ya kadi kwa utaratibu, moja baada ya jingine, akaomba spiriti kidogo kutoka maabara akasafisha na sloti. Akachomeka upya. Safari hii kompyuta iliitaja kadi, na chini yake ikaitaja diski. Akarudi kwenye ukurasa wa bluu, akaelekeza kuwa kazi ianzie kwenye kadi, akaingiza disketi ya maelekezo ya kadi hiyo, akazima, akawasha. Daftari langu lilikuwa sakafuni, sikumbuki lilianguka saa ngapi.

Alama zilikuwepo. Zote.

"Naomba kitu kimoja," akasema. "Niangalizie kama jina la mdogo wangu limo. Alama sitaki."

Baada ya yale ya grisi ningemkatalia kwa uso upi? Nikashuka na orodha hadi kwa msichana, nikiwa nimesahau. Jina lilikuwepo, na kwenye safu ya maoni, mbele ya jina, kulikuwa na maneno niliyoyachapa mwenyewe mwezi wa tatu bila kuagizwa na mtu, kwa kuwa tu jina la ukoo lilisikika geni kwangu: Wa ng'ambo? Achunguzwe. Orodha hiyo ndiyo iliyokuwa inakwenda Dar es Salaam.

Aliyasoma. 

"Kazaliwa Mahulunga, dada," akasema. "Upande huu wa mto. Zahanati ya palepale."

Akaufunga ubavu wa kompyuta, skrubu zote nne. Nikayafuta yale maneno akiwa bado ameinama, na nilitaka ageuke aone nimefuta, lakini hakugeuka. Alinirudishia ufutio ukiwa mweusi, akachukua mkoba wake, akaaga vizuri.

Alama zilisafiri Jumamosi. Mkuu alinipongeza mbele ya walimu wote. Shule ilipokuja kupata kompyuta nyingine, akasema tutafute fundi wa kutoka Dar, kwa sababu yule wa ng'ambo mimi mwenyewe nilisema si wa kuaminika, nami nikaandika barua ya kumtafuta huyo wa Dar. Mtwara niliingia nikiwa mgongoni mwa mama, na hakuna karani yeyote aliyewahi kuandika neno mbele ya jina langu.