Betri Mbili za Mzee Mita

Mtaani walimwita Mzee Mita. Jina hilo alilipata kwa sababu ya mita ya kupimia umeme iliyoning'inia shingoni mwake miaka yote thelathini na minane aliyotengeneza redio. Watu walisema kwa utani kwamba hata ukimsalimia, huchomeka kwanza nyaya zake mbili aone kama salamu ina moto. Mwenyewe akisikia hivyo hucheka mpaka mabega yanatikisika.

Alikuwa fundi wa kweli, si wa kubahatisha. Ukimpelekea redio iliyokufa, hakukimbilia bisibisi. Aliitikisa karibu na sikio, akainusa mgongoni, akakuuliza ilizima ghafla au ilififia. Halafu alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Watu aliwajua kwa redio zao. Angekutana na mwanamke sokoni baada ya miaka kumi akamwambia, "Wewe si yule wa kaseti mbili, mlango wa kushoto haufungi? Unafunga siku hizi?" Na ulikuwa unafunga, kwa kuwa aliutengeneza yeye.

Mkewe alipofariki, duka likamshinda. Alilifunga, akahamia kwa binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, aliyeolewa na mwoka mikate. Walimpa chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama tangi la maji. Miezi ya mwanzo alishinda kitandani kama mzigo uliosahauliwa stesheni. Ndipo binti yake akamletea kisanduku cha vile vibodi vidogo wanavyojifunzia wanafunzi, kimoja hakizidi kiberiti kwa ukubwa. Mzee akakigeuza kimoja huku na huku. "Kumbe redio zimezaa," alisema. Siku hiyo aliomba meza.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa king'ora cha tangi. Maji yakikaribia kujaa, bodi ililia, mtu akaenda kuzima pampu. Umeme iliupata kwenye betri mbili nene kama vidole gumba, zilizotolewa kwenye kompyuta mbovu. Aliziunganisha ubavu kwa ubavu, chanya na chanya, hasi na hasi, zidumu muda mrefu bila kuongeza nguvu. Kila alichofanya alikiandika kwenye daftari, kama alivyozoea dukani. King'ora kililia vizuri, na majirani wawili wakaomba watengenezewe chao.

Jumamosi moja asubuhi aliamka akasikia harufu. Haikuwa ya moshi, ila ile harufu ya plastiki iliyochoka na joto, ambayo fundi huisikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikigusa kisanduku cha bodi kwa mgongo wa kidole, akarudisha mkono haraka.

"Mama!" alimwita binti yake. "Usimruhusu mtu kuja huku!"

Alichomoa betri kwanza. Akazishika: za vuguvugu tu. Hilo lilimtuliza, maana betri za namna ile zikishapata moto hazina mswalie Mtume. Akaisubiri bodi ipoe, akapima kama chanya na hasi zimegusana mahali. Hazikugusana. Akang'oa king'ora, akarudisha betri, akahesabu dakika mbili. Joto lilikuwa palepale. Akang'oa na waya wa tangini. Joto palepale. Aliinama na miwani yake mpaka pua ikakaribia meza, akapeleka kidole taratibu kutoka kona hadi kona, na joto likamwongoza hadi kwenye kidude cheusi kama punje ya dengu. Ni kidhibiti umeme. Umeme ukiingia mwingi, chenyewe huupunguza ufike kiasi kinachotakiwa, na ile ziada hakina pa kuipeleka ila kuigeuza joto.

"Unalishwa kupita kiasi, mwanangu," Mzee Mita alikiambia. "Nani anakulisha?"

Akaweka mita kwenye mdomo wa bodi. Alitarajia volti nne. Mita ikasoma nane na nukta mbili.

Alikigeuza kibebeo cha betri. Nyaya zilikuwa zimebadilishwa. Betri hazikulala tena ubavu kwa ubavu, zilifuatana kichwa kwa mkia, kila moja ikiongeza nguvu juu ya mwenzake. Mtu alikuwa amezigusa. Na nyumba ile ilikuwa na watu watatu tu.

Mwoka mikate alirudi saa saba mchana, unga ukiwa bado kwenye nyusi. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache, mikono imejaa makovu ya tanuri. Wakaketi kula. Mzee hakugusa sahani.

"Juzi uliingia chumbani kwangu," alisema.

"Ndiyo, Baba. Nilifuta vumbi."

"Ukafuta na akili za bodi yangu."

Mkwewe akanyanyua uso. "Sijakuelewa, Baba."

"Nyaya za betri umezibadilisha. Ulitaka kuona itakuwaje, sivyo? Ingewaka hii! Mke wako angeungua humu ndani! Wewe kazi yako ni kukanda unga. Kanda unga! Vitu vya wenye kazi zao viache."

"Baba, imetosha," binti yake alisema.

"Haijatosha. Aseme."

Mwoka mikate alimtazama mkewe, na mkewe akatazama meza.

"Nisamehe, Baba," yule kijana alisema. "Ni mimi. Sitarudia."

Akanawa mikono, akatoka nje na sahani yake imejaa.

Mzee Mita alirudi chumbani kifua mbele. Fundi mzuri huandika kila hitilafu na chanzo chake, na hii nayo alitaka kuiandika: kosa la mkwe, tarehe, na matokeo. Akafungua daftari kwenye ukurasa wa mwisho.

Ukurasa ulikuwa tayari una maandishi. *Jumanne. King'ora kinalia kinyonge. Nimeunganisha betri kwa mfuatano, kipate nguvu. Onyo: kesho lazima nibadilishe kidhibiti, hiki hakitahimili.* Chini ya onyo palipigwa mistari miwili, na mwandiko ulikuwa wake, na ile *k* yenye mkia ambayo mwalimu wake wa utotoni alishindwa kuiondoa kwa fimbo.

Alisoma mara tatu. Akajaribu kuikumbuka Jumanne. Aliitafuta kama mtu anayepapasa ukutani akitafuta swichi katika nyumba anayoijua, na mkono ukawa unapita ukuta mtupu tu. Hakukumbuka kuyeyusha risasi ya kulehemu. Hakukumbuka hata kama mvua ilinyesha. Akachukua kibebeo, akaangalia kiungo cha waya: umesokotwa mara tatu kuelekea kulia, kisha ukalazwa. Hakuna mtu mwingine aliyesokota hivyo. Akakaa kitandani.

Binti yake alimkuta hapo, daftari mapajani.

"Ulijua?" mzee alimuuliza.

Mwalimu yule, aliyezoea kusimama mbele ya watoto hamsini bila kutetereka, akaanza kulia kabla ya kujibu.

"Mwezi uliopita ulikwenda dukani kwako, Baba. Siku hizi ni saluni. Uliwaambia wamebadilisha kufuli, ukakataa kuondoka. Mwenye saluni alinipigia simu."

"Mimi?"

"Na chuma cha kulehemu umekiacha kinawaka mara mbili. Mume wangu ndiye anayekizima. Kila akirudi huanzia humu, anajifanya anafuta vumbi."

Mzee Mita aliliweka daftari kando. Aliinuka kwa kushika ukuta, akatoka hadi uani. Mkwewe alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, sahani chini, chakula kimepoa. Alipomwona mzee akataka kusimama, mzee akamkandamiza bega akae.

"Kwa nini ulikubali kosa ambalo si lako?"

Mwoka mikate alijikuna kovu mkononi. "Niliogopa, Baba. Nilijua nikikataa, utaanza kujiuliza ni nani."

Mzee wa miaka sabini na moja alichuchumaa mbele ya mkwewe, jambo ambalo halikuwa rahisi kwa magoti yale, akamshika mikono yote miwili. "Nimekutukana juu ya chakula chako mwenyewe," alisema. "Nisamehe, mwanangu." Kijana akaitikia kwa kichwa huku akitazama pembeni.

Hospitalini daktari aliwaeleza kwa upole. Alisema ugonjwa huu wa kusahau hauna dawa ya kuutibu ukaisha, ipo ya kuupunguzia mwendo tu, na kwamba wasimfungie ndani wala wasimkatalie kazi anayoipenda. Chuma cha kulehemu mzee alikikabidhi mwenyewe kwa mkwewe njiani, bila kuombwa.

Tangu hapo, kila Jumamosi mchana wawili hao waliketi kwenye ile meza. Mikono ilikuwa ya mwoka mikate, mdomo ulikuwa wa mzee. Walirudisha betri ubavu kwa ubavu, wakatengeneza ving'ora viwili vya majirani. Mzee alifundisha kwa haraka, mambo mengi kwa pamoja, kama mtu anayetoa vitu nyumbani maji yakipanda. Siku nyingine alikuwa mzima kabisa, akitania, akimwambia mkwewe kwamba anashika waya kama anayebandika mkate tanurini. Siku nyingine alirudia somo lilelile mara nne, na mkwewe akalisikiliza mara zote nne.

Jumamosi moja, kama miezi minane baadaye, alinyanyua betri kuonyesha pande zake.

"Huku ni chanya," alisema. "Na huku ni..."

Akanyamaza. Mkwewe alisubiri. Hakumsaidia, kwani alikuwa amejifunza kwamba mzee hupenda kulifikia neno mwenyewe. Mlangoni binti yake alisimama na kikombe cha chai. Mzee aliitazama ile ncha bapa ya betri kwa muda mrefu, midomo ikijaribu, na machozi yakamjaa.

"Niambie wewe," alisema mwishowe.

"Hasi, Baba."

"Hasi," alirudia taratibu. Akavuta daftari karibu, akaomba kalamu, akaliandika.