Ng'ombe wa Chini ya Meza

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi moja pale Bariadi nilipokaribia kumlalia mgonjwa kifuani. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yalijaa pipi na soda, na sisi wanafunzi wa tiba ya meno hatukukosa kazi. Mgonjwa wangu alikuwa mama mkulima wa pamba kutoka Mkula, mwenye tundu kwenye gego la juu. Jino lilifaa kuzibwa, lakini kama ningeshindwa, lingeoza zaidi na kung'olewa.

Kioo kidogo cha mdomoni nilikuwa nacho, ila sikukiamini. Nikitaka kwenda mbele, ndani yake mkono ulirudi nyuma. Basi nikainama, nikapinda shingo, nikachungulia mpaka kofia yangu ikamwangukia usoni.

"Mayu, fungua zaidi," nikamwambia, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Nimefungua mpaka mwisho," akajibu. "Sasa wewe binti unataka kuingia mwenyewe?"

Mwalimu wetu, Bwana Shigela, alicheka mpaka akakaa. Kisha akaliwekea jino dawa ya muda, akamwomba mama arudi wiki inayofuata. Mimi akanivuta pembeni.

"Shingo yako itazeeka kabla ya miguu," akasema. "Na mama wa watu tutamng'oa jino zima kwa sababu yako. Nenda kabandike karatasi chini ya meza, uchore ng'ombe ukitazama mchoro kwa kioo tu."

Nikachora. Wa kwanza alifanana na fisi aliyekanyagwa. Wenzangu bwenini wakampa jina, wakampangia na mahari! Nilikasirika, tena sana, lakini kila jioni nilirudi chini ya meza, mpaka pembe zikakaa kichwani.

Mama aliporudi, nilikaa wima, nikatazama kioo, mkono ukatulia. Jino nikaliziba. Akalipapasa kwa ulimi, akapiga kigelegele hadi waliosubiri nje wakadhani kuna harusi. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Sasa wewe unaanza kazi hii, mwanangu. Mkono ukikataa kutii kioo, usimlazimishe mgonjwa akusaidie kwa kuumia. Kosea kwanza kwenye karatasi, kosea mpaka uchoke. Watakaokucheka, cheka nao, kisha endelea kuchora.

Mungu akupe mkono mtulivu, na kila atakayeketi kwenye kiti chako arudi kwao akitafuna.