Feni ya Namba Nne

Leo nimetengeneza feni ya gari, kidogo nivunje ndoa ya watu.

Mnanijua. Hapa mtaani Kongo hakuna dashbodi imewahi kunishinda. Zingine zikiniona tu zinapona zenyewe.

Asubuhi akaja Baba Mwende na bibi yake, na kale kagari kao ka zamani. Feni ilikuwa inafanya namba nne peke yake, kelele kama posho mill ikisaga mahindi. Moja, mbili, tatu, imekufa.

Wote wawili wakakaa ndani kunilinda. Si mnajua watu wanafikiria fundi akiachwa peke yake ataiba spea?

Nikaingia chini ya dashbodi, nikatoa rizista, kale kadude ka kupunguza kasi ya feni, imeungua, nikaweka ingine. Nikajaribu namba moja. Feni ikapumua kama mtoto amelala.

Gari yote ikanyamaza.

Mama Mwende akasema, "Jumamosi naenda kwetu Kitui. Sirudi."

Mzee akashtuka. "Umeamua lini?"

"Si nilikuuliza juzi tukitoka Silanga na hii gari, niende ama nikae? Ukaangalia barabara tu."

"Mama Mwende, na hii feni ningesikia aje?"

Mimi huko chini nimeshika bisibisi, naogopa hata kukohoa.

"Niulize tena," mzee akamwambia.

Mama Mwende akamgeukia. Halafu, polepole: "Niende ama nikae?"

"Kaa. Tafadhali."

Nikatoka, nikajifanya natafuta spana. Nikawaacha humo mpaka saa sita.

Wewe je, nani amekununia na kumbe hukumsikia tu?