Mstari wa Chaki Juu ya Bati

Wifi yangu, dada wa mume wangu, wanamwita Mama Ngazi. Jina hilo alipewa kwa kejeli na mafundi wenzake, wiki ya kwanza alipoonekana mtaani na ngazi ya chuma begani na kutu imemjaa mpaka magotini. Walidhani litamkera. Yeye akaliandika kwa rangi nyekundu kwenye kofia yake ya kazi, na kejeli ikawakwama wenyewe kooni.

Ana kichwa kigumu. Nalisema hilo kwa sababu ni wifi yangu na nina haki ya kumsema. Mtu mwingine akimsema atanikuta. Tunakaa nyumba moja. Mimi ni mshonaji, na mkasi wangu wa kitambaa nimeshaukuta mara mbili chumbani kwake ukimenya nyaya. Mara zote mbili hakuomba radhi. Alisema tu, "Wifi, mkasi wako mkali, hongera."

Kwa miaka mitatu alifanya kazi kwenye karakana ya Bosi, wakifunga umeme wa jua kwenye nyumba, vibanda vya vinyozi, maduka ya dawa, hata kiwanda kidogo cha matofali. Kazi yenyewe ni bati la moto, drili nzito na jua la utosi. Alikuwa akisubiri kitu kimoja, barua ya Bosi. Ofisi ya leseni haimpi fundi leseni yake mpaka mwajiri aandike kwamba amemsimamia miaka mitatu na kazi anaiweza. Bila barua, utabaki fundi wa mtu. Bosi alishamwahidi kuisaini Ijumaa, akimaliza tu kazi ya zahanati.

Zahanati hiyo ina wodi ya wazazi yenye vitanda vinne. Umeme ukikatika, mkunga huzalisha huku ameing'ata tochi kwa meno. Mwenye zahanati, Daktari, alitaka paneli zote zikae upande wa mbele wa paa, unaotazama barabara kuu. "Mtu akipita na basi, azione," alisema. Tatizo ni kwamba ng'ambo ya barabara, upande jua linakozama, kuna jengo la ghorofa tatu.

Mafundi wengi hupima paa kwa macho. Mama Ngazi hupima kwa chaki. Alipanda asubuhi, akashinda juu kutwa nzima, na kila saa alichora mstari pale kivuli cha ghorofa kilipofika, kisha akaandika saa yake pembeni. Saa nane mchana kivuli kiligusa ukingo wa bati. Saa tisa kilikuwa katikati ya upande wa mbele. Saa kumi upande wote ulikuwa umefunikwa. Upande wa nyuma kilifika saa kumi na moja, jua lenyewe likiwa limeshachoka.

Kesho yake mchana nilikuwepo, nimepeleka mapazia ya wodi niliyoyashona. Nilimkuta amesimama uani mbele ya Bosi na Daktari, mikono kiunoni. Nikajua leo kuna kazi.

"Hizi paneli zimeungwa pamoja," alikuwa akisema. "Ni kama watu wamebeba kabati. Mmoja akilegea, wote wanakwama. Ukiziweka mbele, kuanzia saa nane hupati kitu. Betri haitajaa."

"Mteja kasema mbele, funga mbele," Bosi akajibu. "Mteja ni mfalme."

"Mfalme hazai hapa, Bosi. Wanaozaa hapa ni watu."

Daktari akakunja uso. "Sasa zikikaa nyuma, nani atajua kama nina sola?"

"Mgonjwa atajua, Daktari. Taa itawaka."

Bosi akamvuta kando, karibu na pale niliposimama na mapazia yangu. "Unaitaka barua au huitaki?"

"Naitaka."

"Basi panda."

"Kupanda nitapanda. Nitafunga nyuma."

Nilimshika mkono. Sitajifanya shujaa hapa, nilimkasirikia. Miaka mitatu nimemuona akirudi na ngozi iliyobabuka na viganja vilivyopasuka, na sasa barua iko hatua mbili mbele yake anaipiga teke. Nikamnong'oneza, "Wifi, mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Huu nimeupima," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Unakatika."

Bosi akawageukia mafundi wawili waliokuja naye. Pale kazini kwao, anayefunga ndiye anayetia jina na saini kwenye cheti cha kukabidhi, na taa isipowaka ndiye anayetafutwa. Wa kwanza akapanda akicheka. Ilikuwa saa tisa kasoro kidogo. Tulimuona amesimama juu ya bati, akitazama kivuli kinavyousogelea mstari wa saa tisa. Kikaufikia, kikalala juu yake sawasawa. Kicheko kikaisha. Akashuka taratibu, mkono mgongoni. "Bosi, huu mgongo wangu leo hauko vizuri."

Wa pili akapanda, akakaa juu kitambo, akashuka. "Mimi nimepigiwa simu na mke wangu, ananihitaji nyumbani." Simu haikuwa imelia. Nilicheka mpaka pazia likaniponyoka.

Mkunga alikuwa dirishani muda wote huo. "Na mimi niseme," akasema. "Tochi kwa meno sishiki tena. Meno yenyewe yamebaki ya kuhesabu."

Bosi akakichukua cheti mwenyewe. Akatoa kalamu. Akaitazama ile nafasi ya jina, akaitazama ghorofa ng'ambo ya barabara, akairudisha kalamu mfukoni. "Fungeni nyuma," akasema, na hakumtazama mtu. Daktari aliondoka amenuna, akaenda kuagiza bango kubwa la kuweka mbele. Mama Ngazi alifunga kazi yote kwa siku mbili, akatia saini yake, na wodi ile haijalala gizani tangu hapo.

Ijumaa Bosi alimwita ofisini, mafundi wote wakiwa wamejipanga mlangoni. Barua ilikuwa mezani, imeshachapwa.

"Omba radhi kwanza, mbele ya wenzako," Bosi akasema. "Halafu nasaini."

"Kwa kosa gani?"

"Kunibishia mbele ya mteja."

"Nilibisha kweli. Kosa ndilo silioni."

Aliweka ufunguo wa karakana juu ya ile barua, akachukua ngazi yake, akaja nyumbani kwa miguu. Alijifungia chumbani akalia, na mimi nikakaa nje ya mlango wake nikilia pia, kwa hasira zaidi kuliko huruma.

Jumatatu tulikwenda pamoja ofisi ya leseni. Karani akatueleza kwamba asiye na barua hujaza fomu nyingine, kisha hufanya kazi mwaka mmoja zaidi chini ya fundi mwenye leseni. Mwaka mzima! Mama Ngazi akasema, "Ilete." Mimi ndiye niliyekuwa najaza, maana mwandiko wake ni wa kuku. Tukafika pale palipoulizwa sababu ya kuachana na mwajiri.

"Niandike sababu za kifamilia," nikamwambia. "Ndivyo watu wanavyoandika."

"Familia imefanya nini?"

Akaninyang'anya kalamu. Akaandika kwa ule mwandiko wake: Nilikataa kufunga paneli za wodi ya wazazi kivulini. Akafikiri kidogo, akaongeza: Nitakataa tena.

Karani akaisoma fomu mara mbili. Akatuambia kwamba maneno hayo mwajiri ataulizwa, kwa hiyo lazima awepo shahidi aliyeona, naye atie jina lake kamili na mahali anapopatikana. Bosi hununua kwangu sare za karakana yake yote. Wifi yangu akanitazama, kisha akatazama pembeni, asije akanilazimisha.

Nikavuta kiti. Nikaandika majina yangu yote matatu, kwa herufi kubwa.