Mama Bushi na Mkono wa Mashine Kuukuu

Mama Bushi alipewa jina hilo kabla hajazaa. Wageni wa mtaani wakimuuliza Bushi ni mtoto wake wa ngapi, huwajibu kwamba akina Bushi ni wengi, wametapakaa mji mzima, kila mmoja amejikalia kwenye gurudumu la mtu, na hakuna hata mmoja anayerudi kumsalimia mama yake.

Bushi, kwa asiyeijua, ni kipande cha chuma cha duara chenye tundu katikati, kinachokaa ndani ya kingine ili vizunguke bila kusagana. Ikilegea kidogo tu, gari zima linalia. Mama Bushi alizikereza, chuma kikizunguka na kisu kikikichonga, kwenye mashine kuukuu iliyokaa chini ya dirisha la karakana, mashine ya kijani, ingawa ukijani wenyewe ulibaki pale tu ambapo mikono haifiki. Kila asubuhi alivua pete, akafunga kitambaa kichwani, akakunja mikono ya ovaroli hadi kwenye viwiko. Kisha akaushika mkono wa mashine, ule wa kuzungusha ili kisu kisogee, na ungemtazama ungesema ameshika mkono wa mtoto anayevuka barabara.

Halafu bosi akaleta mashine mpya. Nyeupe, ina mlango wa kioo kama kabati la vyombo, na haina mkono wowote wa kuzungusha. Unaiandikia vipimo kwenye skrini, unafunga mlango, inakereza yenyewe huku wewe umesimama unatazama.

Bosi si mtu wa hotuba. Aliwaita wakerezaji wake wawili, Mama Bushi na yule bwana wa mashine ya pili wanayemwita Kibiriti kwa jinsi anavyowaka upesi.

"Hii inafanya kazi ya watu wanne, na mimi nahitaji mmoja wa kuisimamia," alisema. "Mama Bushi, wiki hii ni yako. Ukiiweza, unabaki nayo. Ikikushinda, nitatafuta kijana aliyeisomea, maana ile yako imeshapata mnunuzi. Kibiriti atabaki na yake kwa vitu vilivyovunjika, vile vinavyoletwa kimoja kimoja. Kwa sasa."

Kibiriti aliyasikia yale maneno mawili ya mwisho kuliko mengine yote.

Kijana fundi aliyekuja kuifunga mashine alimfundisha Mama Bushi vitufe, naye akavishika upesi, hata kijana akashangaa. Lakini bushi zenyewe zilikataa. Ya kwanza ilitoka nene. Akaipima, akaiandikia mashine ipunguze, ya pili ikatoka nyembamba. Akaiandikia iongeze, ya tatu ikanenepa tena. Ndoo ya mbovu ikajaa hadi ikabidi watafute nyingine.

Kijana akafungua vifuniko, akakagua nyaya, akalala chali chini ya mashine akatoka na oili kwenye nyusi. Alikuwa akiitazama mashine tu.

"Mama, hii ina hitilafu," alisema mwishowe. "Kesho asubuhi nisipoiona, naifungasha irudi ilikotoka."

Alipoondoka, Kibiriti akasogea akijifuta mikono kwa tambara.

"Umesikia mwenyewe, dada. Wewe funga mdomo tu. Ikirudi hiyo, bosi atamrudishia yule mnunuzi pesa zake, nawe unarudi dirishani kwako. Na mimi nitapata usingizi."

Mama Bushi alichukua kapu lake, akaondoka kwenda nyumbani. Maneno yale yalikuwa matamu, na utamu wake ndio uliomsumbua njia nzima.

Sasa, nyumbani kwao kulikuwa na mlango wa jikoni uliokuwa umeshuka. Kuufungua ilibidi uuinue kwa kitasa, uupige teke chini, ndipo ukubali. Mumewe alikuwa ameutengeneza Jumapili. Jioni ile Mama Bushi akafika na kapu lake, akainua, akapiga teke. Mlango ukafunguka wote kwa mara moja, naye akaingia jikoni mbio mbio mpaka kapu likamtangulia na vitunguu vikaenda chini ya meza.

Mumewe alicheka akashika mbavu. "Bibie, mlango ni mzima tangu Jumapili. Kila siku unaupiga tu, umekukosea nini?"

"Si mimi. Ni mguu," alisema Mama Bushi, naye akaanza kucheka. Kisha kicheko kikamkatikia mdomoni. Akabaki ameinama na kitunguu mkononi, akiutazama mguu wake.

"Umeumia?" mumewe aliuliza.

"Hapana. Nimepona hapa hapa."

Asubuhi hakuenda kwenye mashine nyeupe. Alienda kwa ile ya kijani, akaushika mkono wake, lakini safari hii macho akayaweka kwenye kisu. Akazungusha. Kisu kimetulia. Akazungusha kidogo tena, ndipo kikasogea. Mashine ilikuwa imelika kwa miaka, kila ukigeuza mkono inazunguka kidogo bure kabla ya kukamata, na yeye kila mara alikuwa akizungusha zaidi kufidia ile ya bure. Hakumwambia mtu kamwe, kwa sababu hata yeye mwenyewe hakuwa na habari. Mkono wake ulikuwa unajua peke yake.

Kijana alikuwa ameshaleta kamba za kufungashia. Bosi alisimama pembeni, uso umemjaa mikunjo.

"Mwanangu, weka hizo kamba," Mama Bushi alisema. "Mashine yako ni nzima. Mgonjwa ni mkono wangu."

Akawaeleza. Akiiandikia mashine ipunguze, anajumlisha na kile kidogo cha bure alichozoea kwenye ile kuukuu, ikapitiliza. Akiiandikia iongeze, vilevile. Mashine mpya haina cha bure, inafuata kila unachoiandikia.

"Kwa hiyo zile ndoo mbili ni zako?" aliuliza bosi.

"Ni zangu."

Kibiriti akatupa tambara lake chini. Kijana akajikuna oili iliyoganda kwenye nyusi.

"Jana nimelala chini ya hiki kitu mchana kutwa, mama."

"Nilikuona, mwanangu. Pole. Nipeni chuma."

Alipima. Kisha akauingiza mkono wa kulia kwenye mfuko wa ovaroli, akauacha humo, akaanza kuandika kwa kushoto, kidole kimoja kimoja kama kuku anayedonoa.

"Kwa nini kushoto?" kijana aliuliza.

"Huu haujajifunza kitu. Hauna cha kusahau."

Mlango ukafungwa, maji meupe ya kupoza chuma yakarukia kioo, mashine ikanguruma ikanyamaza. Alipoitoa bushi akaisukuma kwenye tundu lake la majaribio. Ikaingia taratibu, ikakaa, haikutikisika. Iliyofuata hivyo hivyo. Na iliyofuata.

"Haya, endelea," alisema bosi, akaondoka. Kwa waliomzoea, hiyo ilikuwa sherehe.

Kibiriti alinuna siku kadhaa. Kisha mchana mmoja akaja kusimama karibu na kioo, akatazama muda mrefu, akauliza kana kwamba anauliza saa: "Hiki kitufe cha njano, ukikibonyeza inakuwaje?" Mama Bushi akamsogezea kiti.

Mnunuzi wa ile mashine ya kijani alikuja na lori na vijana wa kubeba. Walikuwa wameshaifunga minyororo Mama Bushi alipowasimamisha. Akavua pete, kwa mazoea, akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mashine, pale palipong'aa.

"Hii inazunguka bure kidogo kabla ya kukamata," alimwambia mnunuzi. "Usiilaumu. Wewe ongeza kiasi hiki." Akamwonyesha, akaurudisha, akamwonyesha tena, mpaka yule bwana alipoweza mwenyewe.

Kisha akavaa pete yake, akarudi kwenye kioo.