Simbamarara Aliyemwacha Tabibu Ngazini

Jua halijapata nguvu, na Guo Shuanlao tayari yuko katikati ya ngazi za kilima cha Baishipo. Matofali yako mgongoni. Mkono mmoja umelishika goti la kulia, kana kwamba akiliachia litadondoka.

"Goti hili lina maneno kuliko mke wangu," anasema, akiegemeza mzigo ukutani. "Afadhali mke wangu, akilala hunyamaza."

Shuanlao, mwenye miaka hamsini na minane, ni mpagazi. Kila kinacholiwa, kinachochomwa au kujengewa katika hekalu la Mfalme wa Dawa kimepita mgongoni mwake: unga, ubani, vigae, makaa. Mzigo mmoja ni yuani arobaini. Siku hizi hupanda mara tatu kwa siku, halafu mwili unagoma.

Lakini hapa katika jimbo la Shaanxi, wenyeji wa Baishipo hawamwiti mpagazi. Wanamwita Mjomba Simbamarara.

Wazee husimulia kwamba Mfalme wa Dawa, tabibu asiyewahi kumfukuza maskini mlangoni, alikutana na simbamarara njiani, mfupa umemkwama kooni. Watu wote walitimua mbio. Yeye akatia mkono kinywani mwa mnyama, akautoa ule mfupa. Tangu siku hiyo simbamarara hakumwacha. Alimbeba yeye na kapu lake la dawa, mlima kwa mlima, hadi walipolala wagonjwa.

Kila mwezi wa pili wa kalenda ya wazee, kisa hicho huigizwa kwenye ngazi hizi. Shuanlao huvaa kitambaa cha milia na kinyago cha karatasi. Mgongoni hukaa Dang Yinsuo, kinyozi mstaafu mwenye ndevu za kweli, akiwa ndiye tabibu. Mahujaji humpapasa simbamarara shingo na kumtajia maradhi yao.

"Huyu analia kiuno, yule analia mkwe," anasema Shuanlao. "Mimi nahema tu. Jioni nimeshajua magonjwa ya tarafa nzima, na hakuna aliyeuliza wangu."

Nyumbani, mkewe Qiaolian hajaweza kusimama tangu apooze upande mmoja. Kabla ya kupanda, Shuanlao humwosha, humlisha uji wa mtama, humgeuza ubavu. Akirudi, huanza upya.

Mwaka huu, ngoma zikiwa zimepamba moto, mwanamke mmoja aitwaye Lianxia alipenya umati akiwa na binti yake mikononi. Mtoto alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka juu. Degedege.

"Mjomba, mwambie tabibu amshike!" alilia. "Nimetoka ng'ambo ya mto kwa ajili yake!"

"Mama, mimi ni mbeba matofali," alijibu Shuanlao kutoka ndani ya kinyago. "Na huyu wa mgongoni ni kinyozi. Mpeleke zahanati."

"Miguu imeniisha, Mjomba. Siwezi tena."

Shuanlao anakiri kwamba alitamani mtu mwingine ajitokeze. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Watu walikuwa wakiomba dua, macho wameyafumba.

Akainama, akamtua Yinsuo kwenye ngazi, akampokea mtoto na kushuka mbio.

"Aliniacha pale kama gunia la viazi!" anasimulia Yinsuo, akicheka hadi anakohoa. "Ngoma zinalia, ubani unafuka, na mimi mtakatifu sina usafiri. Ikabidi nipande kwa miguu yangu. Ndipo nilipojua anachokipata yule ndugu yangu."

Kwenye zahanati iliyo chini ya kilima, muuguzi alimwona simbamarara akiingia akapiga ukelele. Mtoto alikuwa na nimonia. Alilazwa, akapona, na sasa amerudi nyumbani.

Kamati ya hekalu haikufurahi. Mwenyekiti wake, Mama Hui, alimfuata Shuanlao nyumbani.

"Umetuletea mkosi, Shuanlao. Tangu lini simbamarara akamtupa bwana wake?"

Qiaolian ndiye aliyejibu, kwa ulimi wake mzito, kutoka kitandani: "Tangu bwana wake... aliposhindwa... kumfuata mgonjwa."

Mama Hui alimrekebishia mgonjwa blanketi. Hata hivyo hakulegeza uamuzi: Shuanlao alipaswa kuomba radhi mbele ya sanamu. Alikwenda. Alipiga magoti, na alipotaka kuinuka yakakataa, watu wawili wakamnyanyua kwa makwapa.

"Nilimwambia Mfalme wa Dawa: Mzee, kama umekasirika, shuka tuongee. Mimi kupanda nimechoka."

Anasema hilo bila kutabasamu. Uchovu wake si wa siku moja. Unaonekana anavyokaa, anavyokunja kitambaa cha jasho, anavyosahau alichotaka kusema.

Mwakani anataka kinyago kivaliwe na mtu mwingine. Yeye atapanda siku ya sikukuu mikono mitupu, na ameshamwomba jirani akae na Qiaolian hadi arudi.

"Miaka yote hii nimembeba tabibu, sijawahi kumwomba kitu," anasema, akiuingiza tena mgongo kwenye kamba za mzigo. "Sijui nitaanza na lipi, magoti au mke wangu. Kwanza nitakaa chini nipumzike. Kama ni tabibu kweli, atanisubiri."