Diski Moja au Mbili

Diski ya zamani ilianza kugonga siku niliyoirudisha kompyuta kutoka Mikumi. Sauti ilikuwa ndogo, kama kucha juu ya meza, na kabla sijamaliza chai skrini ikawa nyeusi. Nilijua ni barabara. Diski za aina ile zina sahani inayozunguka ndani, hazipendi kurushwarushwa, na bodaboda ilikuwa imeruka sana kwenye makorongo ya Masanze.

Kompyuta ilikuwa yetu wawili, mimi na rafiki niliyesoma naye chuo. Tuliijenga makusudi ndani ya kasha dogo linaloingia kwenye begi la mgongoni, ili wiki moja ikae kwao Mikumi na wiki inayofuata kwetu Kilosa. Wote tulikuwa tunasubiri ajira, na gemu la mpira ndilo lililomaliza jioni zetu. Yeye alikuwa na timu aliyoilea tangu ligi ya chini kabisa. Timu hiyo ilikufa pamoja na diski.

Tukakubaliana nichague mpya mimi. Hapo ndipo alipokosea.

Kwamba iwe SSD, diski ya kisasa, hakukuwa na mjadala. Haina kitu kinachozunguka. Lakini ubao mkuu wa kompyuta yetu una nafasi mbili za diski. Tununue moja ya tera moja, au mbili za giga mia tano? Ikiwa moja na ikafa, vyote vimekufa. Zikiwa mbili, kila moja ni ndogo, na magemu ya siku hizi yanakula nafasi kama nzige. Nilisoma maoni ya watu mtandaoni mpaka nikaanza kuwachukia. Mama alinikuta uani na simu mkononi, chai imepoa.

"Bado unachagua?"

"Bado, mama."

"Baba yako alinichagua mimi kwa muda mfupi kuliko huo."

Mwishowe nikamwandikia rafiki yangu ujumbe mrefu: tununue mbili, moja yake, moja yangu. Akajibu, "Sawa." Basi. Nikatembea na neno hilo siku nzima, nikiligeuza huku na huku, na jioni nikampigia.

"Mbili za nini?" akauliza.

"Yako ikifa, yangu inabaki."

"Kumbe ya kufa ni yangu."

"Sijamaanisha hivyo, mwanangu."

"Sema tu unataka tugawane vyombo." Akacheka, ila si kicheko chake. "Umepata kazi?"

Nikasema hapana, na ilikuwa kweli. Nilichopata ni mwito wa usaili Dodoma, na aliyejua ni mama tu. Nilipokata simu nikaanza kujihoji: hesabu zote zile za giga zilikuwa za diski kweli, au nilikuwa natafuta namna ya kuondoka bila kulazimika kusema? Nikaagiza moja, ya tera moja. Nikapiga simu dukani kubadilisha, nikapiga tena kurudisha ileile. Muuzaji wa Dar akasema, "Kaka, naufunga mzigo sasa hivi. Usinipigie tena."

Basi la Dar liliushusha mzigo Mikumi. Nikaenda kwao na kompyuta ndani ya begi, nikampa mama yake shikamoo, kisha tukafungua kasha sakafuni. SSD ni nyembamba, urefu wa kidole, na inashikwa na skrubu moja ndogo kuliko punje ya mchele. Skrubu hiyo ikaniponyoka. Tukapiga magoti wote wawili, tochi za simu zikiwaka, mashavu karibu na saruji.

Nikasema hukohuko chini, kwa kuwa hakuwa ananitazama: "Nina usaili Dodoma. Jumatatu."

Tochi yake iliendelea kutembea. "Umejua lini?"

"Kabla diski haijafa."

"Wiki ijayo ni zamu yako."

"Najua."

"Basi itakaa hapa. Ukirudi unaanza na zamu yako."

"Na nisiporudi?"

"Nyanyua goti."

Skrubu ilikuwa chini ya goti langu.

Kompyuta ikawaka bila sauti yoyote. Gemu lilichukua mpaka jioni kushuka kutoka mtandaoni, kisha likauliza wachezaji wangapi. Siku zote yeye alianza peke yake, na timu yake. Kidole chake kikasita juu ya pedi ya kuchezea, akabonyeza wawili, akanirushia pedi ya pili. Niliidaka, lakini sikio langu lilikuwa kwenye kasha, likisubiri kitu kigonge.